Shavu Ukutani

Mafundi wengi wakitaka kujua kama ukuta umekauka huupapasa kwa kiganja, wakaridhika, wakaendelea na kazi. Baba yake Tone aliwaita hao mafundi wa kupapasa, na alivyolitamka neno hilo ungedhani ni ugonjwa wa ngozi. Yeye alikuwa akilaza shavu. Alivua kofia, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa jiwe, akalaza shavu la kushoto ukutani, akafumba macho na kukaa hivyo kwa muda, kama mtu anayesikiliza majirani wanagombana. Wapita njia walimcheka, na wengine waliuliza kama mzee amelala. Akimaliza alifungua macho na kusema neno moja tu, "Pamekauka." Kabla ya neno hilo hakuna brashi iliyochovywa, hata mteja awe amesimama hapo anatazama saa.

Kazi yao ilikuwa kupaka mawe na zege dawa ya kuzuia maji. Si rangi, na ole wako uiite rangi mbele ya mzee. Rangi hukaa juu ya ukuta, siku ikichoka inabanduka. Dawa hii haikai juu. Ni nyepesi na haina rangi, ukiipaka jiwe linainywa, nayo inajibanza ndani kwenye vitundu visivyoonekana kwa macho, na kesho yake ukuta uko vile vile ulivyokuwa jana. Ila ukiumwagia maji, maji hayaingii tena. Mteja wa mara ya kwanza akiona ukuta wake haujabadilika chochote hudhani amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Hapo ndipo binti wa fundi alipokuwa akiitwa. Tangu ana miaka saba kazi yake ilikuwa kuchovya kidole kwenye kikombe cha maji na kudondosha tone moja juu ya jiwe, mteja akalitazama linavyobiringika mpaka chini bila kuacha hata alama. Jina lake la kuzaliwa lilipotelea huko huko. Hata mama yake mzazi alimwita Tone.

Sasa Tone alikuwa na miaka thelathini na tisa, na alikuwa amesimama nyuma ya nyumba ya wazazi wake akitazama ukuta wa chumba cha mama. Nyumba nzima ilikuwa imepakwa dawa isipokuwa ukuta huo mmoja. Baba alikuwa amefariki miezi miwili iliyopita, kiangazi kikiwa kimekaza, na tangu azikwe halikuwa limeanguka hata tone moja la mvua. Lakini asubuhi ile mawingu yalikuwa yameshuka mpaka yakakaa juu ya mapaa, na hewa ilikuwa nzito na tulivu, sauti zote za mtaa zikija kama kutoka mbali, hata zile za jirani.

Ndani ya chumba, upande wa pili wa ukuta huo, kulikuwa na kitanda cha mama, na juu ya kitanda plasta ilikuwa imechora ramani ya nchi isiyokuwepo. Misimu mitatu ya mvua ndiyo iliyoichora. Kando ya ramani kulikuwa na chumvi nyeupe, ile inayotoka ukutani maji yanapopita, na ukiifuta leo kesho imerudi. Mama alikuwa akikohoa. Daktari alikuwa ameshasema waziwazi kwamba kifua chake hakitavumilia msimu mwingine ndani ya chumba chenye unyevu.

"Jumamosi nakuja na gari," kaka yake Tone alikuwa amesema. Kaka huyu alikuwa kinyozi, mtu wa kunyoosha mistari, na mambo yake yote aliyataka hivyo hivyo. "Ama ukuta uwe umepakwa dawa, ama mama anahamia kwangu. Sitaki hadithi, mdogo wangu. Mvua ikishakolea hutaweza tena."

Mama hakutaka kuhama. Si kwamba alikuwa na ugomvi na mkwewe. Alisema tu kwamba nyumba yake anaijua kwa miguu, kwamba anaweza kutoka kitandani akiwa amefumba macho akaenda mpaka jikoni na kurudi na kikombe cha chai bila kumwaga, na kwamba kwa watu wengine angejikwaa mpaka siku ya mwisho. Alisema hivyo bila kulalamika, akikunja nguo zake moja moja na kuzipanga kwenye sanduku, kisha akizitoa tena na kuzirudisha kabatini.

"Kwa nini baba aliuacha huu?" Tone aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo nusu.

"Alisema huu ni wako," mama alisema. "Tangu uondoke, kila msimu namwambia, mzee, paka. Ananijibu, huo wa Tone, atakuja kuupaka mwenyewe. Ubishi wenu wawili umeniingia mimi kifuani."

Tone akakwaruza jiwe kwa ukucha.

Sikia sasa kilichokuwa kati yao, maana bila hicho hutaelewa. Miaka mitatu nyuma walipewa kazi ya maktaba ya zamani, jengo kubwa la mawe ya kuchonga, kazi ambayo fundi huipata mara moja maishani. Walikuwa wameuosha uso wake wa mbele kwa maji ya kutosha, na wakaungoja ukauke. Siku ya tano baba alikuwa ameenda upande wa nyuma kuziba nyufa. Tone akapapasa kwa kiganja. Jua lilikuwa kali, jiwe lilikuwa la moto, naye alikuwa fundi mzima wa miaka thelathini na sita aliyechoka kungoja shavu la baba yake. Akavaa pampu ya kupulizia dawa mgongoni, akaanza. Mzee aliporudi alikuta nusu ya ukuta imeshapigwa dawa. Alisimama akatazama, akavua kofia, akairudisha kichwani. Jiwe lilikuwa kavu nje na limejaa maji ndani, na yale maji yakafungiwa humo yakakosa njia. Msimu uliofuata uso wa maktaba ulianza kumenyuka maganda, maua ya kuchongwa yakawa yanaanguka vipande vipande mlangoni, watu wanayakanyaga wakiingia kusoma.

Wenye jengo walipouliza, baba alisema, "Kosa ni langu." Hakuongeza neno. Wala nyumbani hakumwambia Tone kitu, hakumgombeza, hakumnunia hata. Alinyamaza tu kuhusu jambo hilo, akaendelea kuomba chumvi mezani na kuuliza saa. Angemfokea siku moja, yakaisha. Tone alikaa na ukimya ule miezi miwili akashindwa, akahamia mji mwingine, akawa anakuja kumwona mama siku ambazo baba yuko kazini. Tangu hapo hakusikia tena lile neno moja kutoka kinywani mwa baba yake, na usidhani hakulikosa. Alikuwa na wateja wake, alikuwa na sifa yake, lakini kila alipoanza kazi alihisi ameingia nyumba ya watu bila kubisha hodi.

Kisha kiharusi kikampiga mzee. Mkono wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito. Tone alikuja akakaa naye siku kumi na mbili, na kila siku baba alimkazia macho akahangaika kusema jambo. "Pa," alikuwa akisema. "Pa... pa..." Jasho likimtoka. Mama akaamua ni papai. Mzee hakuwahi kulipenda papai maishani, lakini walisema ugonjwa hubadilisha mtu, basi wakawa wanamkatia papai asubuhi na jioni, naye alilila huku amewakunjia uso wote wawili. Kazi ikamwita Tone, akaondoka akiahidi kurudi mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi alirudi kuzika.

Kwa hiyo Jumatatu ile alikuwa na ukuta mmoja na siku tano. Alileta mapipa ya dawa, akausugua ukuta kwa brashi kavu, akapima nyufa kwa ukucha. Alasiri mvua ya kwanza ikaja.

Ilikuja ikiwa imelala, ikitokea upande wa jiko la nje, na kwa kuwa jiko hilo limechomoza uani, lilikinga nusu ya kushoto ya ukuta. Nusu ya kulia ikaanza kunywa. Tone alisimama chini ya upenu akiitazama, kwa sababu hilo ni jambo ambalo hajawahi kulichoka tangu utotoni, jiwe la kijivu likibadilika taratibu kuwa jeusi, na ile harufu inayopanda kutoka kwenye mawe yakipata maji baada ya kiangazi. Mvua haikuwa na haraka. Uani palikuwa na mwanga wa rangi ya maziwa, na kwa muda akajiona ana miaka saba, ana kikombe mkononi, anangoja kuitwa.

Ndipo alipoona mistari. Ukuta ulikuwa umekuwa mweusi, lakini kwenye kimo cha kiuno kulikuwa na mistari iliyobaki na weupe wake, imekataa kulowa. Kwanza alidhani ni chumvi. Akasogea akilowana. Ilikuwa mipana kama brashi ya inchi mbili, imepinda, inatetemeka, na ilikuwa herufi. Akazisoma moja moja.

K. A. U. K. A.

Alielewa mara moja zimeandikwaje, maana ni fundi. Jiwe lililopakwa dawa halinywi, na lisilokunywa halibadiliki rangi. Mtu alikuwa amechovya brashi kwenye dawa akaandika, na maandishi ya dawa hayaonekani kamwe mpaka mvua inyeshe. Kimo kile kilikuwa kimo cha mtu aliyekaa kwenye kiti.

"Alikuwa akikaa hapo," mama alisema alipoulizwa. Alikuwa amesimama mlangoni na shuka mabegani. "Wiki za mwisho. Alinionyesha kopo na brashi kwa kidole, nikampa, nikamsogeza na kiti mpaka ukutani. Kila alasiri anapaka kidogo kwa mkono wa kushoto, anachoka, analala. Kesho tena. Mimi nilijua anajiburudisha na maji, nikamwacha. Ukuta ulikuwa haubadiliki, mwanangu. Ningejuaje?"

Mvua ikakatika, upepo ukapita, na herufi zikafifia taratibu jinsi jiwe lilivyokuwa likikauka, mpaka ukuta ukawa wa kijivu tupu.

Kauka. Tone alilibeba neno hilo siku mbili nzima. Mtu huliambia hivyo tawi analolilaani. Akapita nalo jikoni, akakaa nalo kwenye kiti cha baba huku mama akikohoa upande wa pili, akalala nalo mchana akaota maktaba imesimama uani, maua yake ya mawe yakianguka bila sauti, na baba akiyaokota na kuyatia kofiani. Alipoamka shavu lilikuwa limelowa. Siku zote alijiambia kwamba labda mzee alimsamehe kimyakimya, kwamba watu wa namna ile ndivyo walivyo. Kumbe mzee alikuwa na neno, akaling'ang'ania mpaka mkono wa mwisho uliobaki, na neno lenyewe ndilo hilo. Iliuma, na ilimtia hasira pia, hasira kavu ya kitoto ya kutaka kuvunja kitu.

Jumatano aligundisha kipande cha nailoni ukutani, akaziba kingo zote kwa utepe wa gundi, ndivyo mafundi wa siku hizi wanavyopima unyevu. Alhamisi asubuhi akakuta matone madogo yamejikusanya upande wa ndani. Ukuta ulikuwa bado unatoa jasho. Fundi yeyote akiona matone hayo hufunga vifaa vyake akangoja.

Tone alibandua nailoni akaikunja akaitia mfukoni. Kesho kutwa ni Jumamosi, alijiambia. Kinyozi na gari lake. Na jua lipo, na jiwe juu ni kavu. Alijaza dawa kwenye pampu, akaitia upepo, akaivaa. Mwenyewe alikuwa akijua anachofanya, na hilo ndilo baya zaidi. Alitaka kulifuta lile neno kabla mvua haijalisema tena, basi.

"Umelaza shavu?" mama aliuliza nyuma yake.

"Shavu la nini, mama. Yale yalikuwa mambo ya mzee."

"Nimeuliza tu."

Mama akaja polepole, akaegemea ukuta kwa mikono miwili, akalaza shavu lake. Akakohoa, akangoja kikohozi kipite, akalilaza tena na kufumba macho. Tone hakuwahi kumwona mama yake akifanya vile.

"Mimi si fundi," mama alisema, "lakini hapa pana baridi, Tone."

"Aliandika kauka, mama. Anilaani, halafu mimi nimlazie shavu?"

"Baba yako?" Mama alifungua macho. "Baba yako atukane kwa maandishi? Nimeishi naye miaka arobaini na moja. Akitaka kukutukana ananyamaza. Kuandika ni kazi nyingi mno kwake."

Tone aliguna, nusu kicheko. Akavua pampu akaiweka chini. Hakuwa ameridhika, ila mama alikuwa bado ameegemea ukuta, mdogo kuliko alivyomzoea.

Saa tisa mawingu yakarudi. Safari hii hapakuwa na upepo kabisa. Mvua ilishuka wima, nene, ikapiga ukingo wa paa, ikateleza ukutani kutoka juu mpaka chini na kuulowesha wote, upande wa kulia na upande wa jiko sawasawa. Walikaa chini ya upenu, mama kwenye kiti cha mzee, Tone kwenye ndoo aliyoifudikiza. Ukuta ukawa unageuka mweusi. Upande wa kulia lile neno likatokea tena, na Tone akageuza uso asilione.

"Mbona lina wenzake," mama alisema.

Tone alitazama. Upande wa kushoto, mahali ambapo Jumatatu palikuwa pamekingwa na jiko, kulikuwa kukitoka herufi nyingine, dhaifu zaidi, mkono ukiwa bado unajifunza. Ya kwanza ilikuwa imeegemea upande kama mlevi. Ilikuwa P. Ikafuata A. Ikafuata M kubwa mno, iliyomchosha mwandishi bila shaka, maana E iliyofuata ilikuwa ndogo kama ya mtoto wa chekechea. Na baada ya E ndipo ilipokuja ile K.

PAMEKAUKA.

Tone aliinuka akatoka mvuani. Alikwenda mpaka ukutani akagusa herufi moja moja, tisa kwa hesabu, alasiri tisa za mkono wa kushoto. Maji yalikuwa yakibiringika juu yake bila kuingia. Neno la kusema pamekauka, na njia pekee ya kulisoma ni ukuta kulowa chapachapa. Hata mzee mwenyewe lazima aliicheka hiyo, pale kwenye kiti chake, kwa ule upande wa mdomo uliokuwa bado unacheka.

"Pa, pa," alisema Tone. "Mama, alikuwa akisema pamekauka. Siku zote zile. Alikuwa akiniambia mimi pamekauka."

Mama aliutazama ukuta.

"Na mimi nikampa papai," alisema.

Walicheka mpaka mama akashikwa na kikohozi, Tone akarudi kumshika mgongo, na hapo katikati ya kukohoa na kucheka wakawa wanalia, hakuna aliyeuliza mwenzake kwa nini. Miaka mitatu alikuwa akilingoja neno hilo. Alikuwa amepewa kila siku kwa siku kumi na mbili, akalijibu kwa sahani ya matunda.

Jumamosi kinyozi alifika na gari, akakuta turubai limetandazwa kutoka ukingo wa paa hadi kwenye vigingi uani, limeukinga ukuta mvua lakini upepo unapita chini yake. Kitanda cha mama kilikuwa kimehamishiwa sebuleni. Dawa haikuwa imepakwa.

"Tulikubaliana nini?" aliuliza.

"Nipe siku kumi, kaka. Ukuta bado una maji. Nikiupaka leo nimemfungia mama maji ndani, nimeharibu kabisa."

Kaka alimtazama kwa jicho la pembeni. Alijua habari za maktaba. Tone akachukua kikombe, akaumwagia ukuta maji pale chini ya turubai, kidogo tu, ya kuonyesha herufi mbili tatu, kisha akamsimulia zilizobaki. Kinyozi alichuchumaa mbele ya ile M kubwa. Alikaa hapo muda mrefu kwa mtu asiyependa hadithi.

"Basi hili usilipake," alisema hatimaye. "Paka kulizunguka. Liache."

"Haliwezekani hilo. Herufi ndizo zenye dawa tayari. Kinachozionyesha ni jiwe linalozizunguka, kwa sababu linakunywa. Nikitaka lisomeke, lazima ukuta uendelee kunywa. Na ukinywa, mama anakohoa."

Mama alikuwa ametoka mlangoni, na alikuwa amesikia.

"Uache, Tone," alisema. "Mimi nimeshazoea. Nitakohoa. Wewe ndiye hukuwa na kitu chake."

Alilisema hivyo hivyo, kawaida, kama anayempisha mtu kwenye kiti. Tone alimtazama mama yake aliyekuwa tayari kuweka kifua chake rehani ili binti yake awe na neno la kusoma siku za mvua, na akajua atafanya nini. Hakujisikia shujaa. Alisikia tu uchungu, na chini ya uchungu jambo jingine lililotulia.

"Mama, unakumbuka alikuwa akilisema lini?" aliuliza. "Hakuwa akilisema kazi ikiisha. Alilisema ili tuanze."

Kaka aliondoka na gari tupu. Akaacha siku kumi, na kwa kuwa ni kinyozi, akasema ni kumi na si kumi na moja.

Mvua ilinyesha siku sita kati ya hizo, nyingine za ukungu mwembamba usiojulikana kama ni mvua au ni hewa tu. Tone alikaa chini ya turubai alasiri nyingi bila kufanya lolote, akisikiliza mdundo juu ya kichwa, na wakati mwingine hakujua kama ameamka au amesinzia. Nailoni ya kwanza ilitoa jasho. Ya pili ilitoa matone machache. Ya tatu ilitoka kavu, na hata hivyo hakuiamini.

Asubuhi ya siku ya kumi alikunja turubai. Jua lilikuwa jepesi. Alivua kitambaa kichwani, akasogea mpaka pua ikakaribia jiwe, akalaza shavu la kushoto mahali ambapo hapakuonekana kitu ila alipopajua. Akafumba macho. Kwanza alisikia moyo wake mwenyewe. Kisha akasikia jiwe, ukavu wake mpaka ndani, vuguvugu, bila ule ubaridi mwembamba uliojificha nyuma. Ilikuwa kweli, shavu linajua kitu ambacho kiganja hakijui, na ilikuwa imemchukua miaka thelathini na tisa kukubali.

"Pamekauka," alisema kwa sauti, hata mama jikoni akasikia.

Alianza chini akapanda juu, kama alivyofundishwa, akililowesha jiwe mpaka linywe na kushiba. Hakutumia pampu. Alitumia brashi, ile ya inchi mbili ya mzee. Dawa ilipopita, jiwe liligeuka jeusi, na herufi zilizokuwa zimeshiba tangu zamani zikaikataa, zikatokea nyeupe chini ya mkono wake, A ya mwisho kwanza, kisha K, kisha U, akizifuata kutoka kulia hadi kushoto mpaka akaifikia P iliyoegemea upande. Zilikaa hapo zote tisa kwa muda wa saa nzima hivi, wazi kuliko zilivyowahi kuwa. Mama alileta kiti akazitazama. Jiwe lilipomaliza kunywa, weusi ukaondoka polepole, na herufi zikaondoka pamoja nao.

Baada ya wiki moja, mama akiwa amerudi chumbani kwake, mvua kubwa ilinyesha tangu asubuhi. Tone alikuwa ameshafunga mizigo yake. Alitoka uani bila kitu kichwani akasimama mbele ya ukuta. Ulikuwa wa kijivu kile kile cha kiangazi, kila mahali, kutoka pembe hadi pembe, maji yakibiringika juu yake na kushuka. Hapakuwa na hata mstari. Alidondosha tone moja kwa kidole, kwa mazoea tu, likapotea katika mengine. Ndani hakusikia mtu akikohoa.

Alilaza shavu lake ukutani, mvua ikimpiga shavu la pili, akakaa hivyo mpaka mama akafungua dirisha na kumuuliza anafanya nini huko nje.

"Nasikiliza," Tone alisema.

"Pamekauka?"

"Pamekauka, mama."